Tembo wa sindano hajalala

SWALI: Nimeona video ya madaktari wa wanyamapori wakimvisha tembo kola ya GPS. Alipigwa sindano, baada ya dakika chache akawa chini anakoroma. Akadungwa nyingine, mara akainuka. Ni usingizi mzito gani unaokatika upesi hivyo? (Msomaji, Voi)

JIBU: Huo si usingizi. Dawa hiyo kwa kawaida huwa etofini, nduguye mofini, ile dawa ya maumivu makali, ila etofini ina nguvu zaidi ya mara elfu moja. Dume mzima hutoshwa na miligramu 15 hadi 18. Ubongo una peptidi (vipande vidogo vya protini) zake za kutuliza maumivu, mfano enkefalini, zilizotangazwa mwaka 1975 huko Aberdeen, Uskoti, baada ya kuchujwa kutoka ubongo wa nguruwe. Etofini hukalia vipokezi vya peptidi hizo, yaani sehemu za seli zinazozipokea, na haibanduki kirahisi. Hata panya aliyedungwa mofini huonyesha mawimbi makubwa ya polepole ubongoni, ukadhani ni usingizi wa pono, kumbe macho yake yamefumbuka. Usingizi mzito wenyewe hupungua.

Sindano ya pili huwa diprenofini, miligramu mara mbili hadi tatu ya etofini, kwenye mshipa wa sikio. Huing'oa etofini na kushika nafasi yake.

Hatari iko kwenye pumzi, maana vipokezi hivyo vipo pia katika shina la ubongo linaloongoza kupumua. Tembo akiangukia kifua, tumbo husukuma kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mapafu hayajai, hivyo asukumwe haraka alale ubavu. Mkonga unyooshwe na kijiti kiwekwe tunduni ili hewa ipite. Sikio lifunike jicho, limwagiwe maji. Na kabla ya kujaza sindano, naloksoni ya kumwokoa binadamu iwe mkononi: matone machache ya etofini yanaua.

SWALI: Je, wanyama wanaolala msimu wote wa baridi hutumia peptidi hizo?

JIBU: Ilidhaniwa hivyo. Mwaka 1969 Dawe na Spurrier, Marekani, waliwatia kindi wa ardhini damu ya wenzao waliolala, nao wakalala wakati wa kiangazi, kwenye chumba cha baridi. Baadaye ikaripotiwa kwamba dawa za kuzuia vipokezi vya mofini hukatiza hali hiyo. Lakini maabara nyingine zilishindwa kurudia jaribio la damu, na kemikali yenyewe haijawahi kutengwa. Ushahidi wa adenosini, kemikali ya mwilini ileile ambayo kahawa huizuia, una uzito zaidi: mwaka 2011 huko Alaska, dawa inayoamsha vipokezi vyake iliwalaza kindi katikati ya baridi. Kiangazi haikuwalaza.