"So that to" na wenzake: kitenzi cha Kiingereza baada ya kiunganishi

Kosa linalojirudia mno katika Kiingereza kinachoandikwa Dar es Salaam, kwenye barua za kuomba kazi, ripoti za ofisini na hata matangazo ya mtaani, ni haya maneno matatu: "so that to". "I am writing so that to apply for the post." Msomaji anaelewa, ila anajua papo hapo kwamba mwandishi amefikiri kwa Kiswahili. Na kweli chanzo ni Kiswahili, wala si uzembe. Sisi tunasema "ili kupata" na "ili nipate", zote sawa. Kiingereza hakikubali zote mbili baada ya neno lilelile.

"So that" hudai mtenda na kitenzi kinachomfuata: "so that I can get", "so that we may finish". Ukitaka kitenzi chenye "to", badilisha kiunganishi: "in order to get", "so as to get", au "to get" peke yake. Katika mazungumzo hiyo ya mwisho inatosha kabisa: "I went to Kariakoo to buy cloth." "In order to" iwekee barua na ripoti, maana ukiirudia kila sentensi maandishi yanakuwa mazito.

Kwenye kukanusha mambo yanabadilika kidogo. "I left Mbagala early not to be late" inasikika kama imekatwa katikati. Sema "so as not to be late" au "in order not to be late", na "not" ikae kabla ya "to". La sivyo rudi kwa mtenda: "so that I wouldn't be late".

Angalia pia "for". Kwa sababu tunasema "kwa ajili ya kununua", watu huandika "for to buy" au "for buy". Zote mbili ziache. Mtu anapokwenda mahali kwa kusudi fulani, tumia "to": "I went to Feri to buy fish." "For" yenye kitenzi cha "-ing" hueleza kazi ya kifaa: "This knife is for cutting fish." Na "for" hukubali jina tupu bila shida: "I went to Feri for fish."

Sasa "and", ambayo ndiyo inayosumbua zaidi. Kiswahili kizuri kinasema: "Alifika Ubungo na kupanda basi." Kitenzi cha kwanza kimeshabeba wakati, cha pili kinajikalia na "ku-". Ukihamisha hivyo hivyo unapata "He arrived at Ubungo and to board the bus", au "and board the bus", na zote ni kosa. Kiingereza kinataka vitenzi vya pande zote mbili za "and" vivae nguo moja: "He arrived at Ubungo and boarded the bus." Kama cha kwanza kimefuata "can", "must" au "should", cha pili nacho hakichukui "to": "You should go and ask", kamwe si "go and to ask".

Kama cha kwanza kina "to", hiyo moja inawatosha wote: "I want to eat and sleep." Rudisha "to" pale tu sentensi inapokuwa ndefu kiasi cha msomaji kusahau mwanzo: "She hopes to finish her diploma at the end of the year and to open a pharmacy in Tegeta." Kwenye orodha chagua njia moja. "To cook, clean and wash" ni sawa, "to cook, to clean and to wash" ni sawa, lakini "to cook, clean and to wash" inachechemea.

Kuna "and" ya aina nyingine ambayo utaisikia kila siku, hasa kwa Waingereza kuliko Wamarekani: "Try and come early." Maana yake ni "try to come early". Inafanya kazi pale tu "try" inapobaki bila nyongeza yoyote: "I'll try and call you", "You must try and rest". Ikishakuwa "tried", "tries" au "trying", lazima urudi kwa "to": "I tried to call you." Ukisema "I tried and called you" hiyo maana ya kujaribu kupiga imepotea. Kwenye barua rasmi andika "try to" siku zote. "Go and" haina masharti hayo, inabadilika na wakati: "I went and saw the landlord." Mmarekani huweza kuangusha "and" na kusema "go see the doctor", ila "went see" haipo popote.

Baada ya "before", "after", "without" na "instead of", "ku-" yetu inageuka "-ing": "before leaving", "without paying". Hapo "to" haina nafasi.

"Kama" nayo ina mtego. "Sijui kama niende" huwa "I don't know whether to go". "If to go" si Kiingereza. Na "but" yenye maana ya "isipokuwa" hutegemea kilichotangulia: "We could do nothing but wait", kwa sababu ya "do", lakini "We had no choice but to wait".

Kabla ya kutuma barua, bonyeza Ctrl na F, kisha tafuta moja moja: "so that to", "for to", "before to", "without to", "if to". Malizia na "forward to", ile ya "I look forward to". Hapo "to" hufuatwa na jina, kama "your reply", kwa hiyo kitenzi kinachokuja lazima kiwe "hearing", si "hear".