Usigawe hojaji siku ya mwisho ya semina

Ndugu mleta uzi, usiigawe hiyo hojaji. Umeandika kwamba unasoma shahada ya uzamili ya elimu hapa Dodoma, kwamba unachunguza iwapo mafunzo ya kutumia vishikwambi yamebadili ufundishaji wa walimu wa shule za msingi wilayani Bahi, na kwamba wiki ijayo kuna semina ya siku tatu ambapo walimu wote watakuwa mahali pamoja, uwape hojaji siku ya kufunga na kuondoka na data yako yote kwa mkupuo. Unauliza ukubwa wa sampuli, nadharia ya kuegemea, kama utumie karatasi au fomu ya mtandaoni, na jinsi ya kupata vibali. Nimelisoma swali lako mara tatu na kila mara limeniumiza, kwa sababu mpango huo ndio niliouandika mimi, ukapitishwa, nikautekeleza wilayani Chamwino, na ukanigharimu mwaka mzima pamoja na ada ya nyongeza niliyoilipa kwa mavuno yote ya alizeti ya msimu ule.

Nikueleze ilivyokuwa. Walimu wako ukumbini, posho haijalipwa, mwezeshaji aliyewafundisha kwa siku tatu amesimama mbele, na maafisa elimu kata wamekaa pembeni wakiangalia. Hapo ndipo nilipogawa kurasa nne za vipengele vya Likert, yaani kauli ambazo mtu huzungushia namba 1 hadi 5, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa": ninatumia kishikwambi kuandaa somo, ninatumia TEHAMA kuwashirikisha wanafunzi, mafunzo haya yamebadili ufundishaji wangu. Mwalimu mwenye akili zake, aliyealikwa, akalishwa na kufundishwa kwa heshima, atajaza nini mbele ya watu hao? Walijaza 4 na 5 kutoka juu hadi chini. Nami nikafurahi. Alfa ya Cronbach, kipimo cha takwimu kinachoishia 1, ilivuka 0.9 na nikaichukua kuwa ushahidi kwamba nimeupata ukweli, kumbe alfa inakuambia tu kwamba majibu ya vipengele yanakwenda pamoja. Watu waliokaa katika ukumbi mmoja, wenye sababu ileile ya kumridhisha mtu yuleyule, majibu yao yatakwenda pamoja vizuri sana.

Niligundua kosa langu kwa bahati tu. Barua ya shule moja ilikosa mhuri, nikalazimika kurudi Jumanne moja. Mwalimu mkuu alikuwa kikaoni wilayani na mhuri umefungiwa ofisini kwake, hivyo nikaombwa nisubiri, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, mwalimu wa darasa la nne akanikaribisha nikae nyuma ya darasa lake. Alikuwa akifundisha sehemu katika hisabati, kama nusu na robo. Kila kundi la watoto lilikuwa na vizibo 12 vya soda juu ya dawati, na alipowaambia wachukue robo, mtoto mmoja karibu yangu akachukua vinne. Mwalimu hakumwambia kwamba amekosea. Alimwomba avipange vizibo vyote katika mafungu manne yaliyo sawa, kisha ampe fungu moja. Yule mtoto akapanga, akatazama mkono wake, akarudisha kizibo kimoja mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Nimesoma makala nyingi za ufundishaji shirikishi, lakini sijaona somo lililonikaa kichwani kama lile.

Baada ya kipindi nilimuuliza kishikwambi chake kiko wapi. Akaniambia kiko katika kabati la chuma ofisini. Mwalimu mkuu alirudi karibu saa tisa, akafungua kabati, na nikaviona vyote vimefungwa ndani ya kipande cha kitenge, vioo bado vina ile nailoni ya dukani. Vilikuwa miongoni mwa vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, kisha serikali ikavigawa kwa walimu. Shule ile haikuwa na umeme, kwa hiyo kuchaji kulimaanisha kukipeleka dukani senta, na kila mwalimu aliogopa kwamba kikipotea njiani atakatwa mshahara. Usiku ule nilifungua bahasha ya shule hiyo. Katika kipengele cha kutumia kishikwambi kila wiki, walimu wote sita walikuwa wamezungushia 5.

Sisemi kwamba walidanganya, na nakuomba nawe usiandike hivyo popote. Niliwauliza swali la adabu wakanijibu kwa adabu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba katika kurasa zangu nne hapakuwa na mahali popote ambapo vile vizibo vingeweza kuingia. Mwalimu bora niliyekutana naye katika utafiti mzima alikuwa kwenye jedwali langu kama tano tupu, na hizo tano zilihusu kifaa ambacho hakukitumia.

Wa kulaumiwa wapo, na nitawasema bila majina. Msimamizi wangu wa kwanza aliniambia kwamba kukaa darasani ni kazi ya wathibiti ubora, kwamba hojaji inatosha, nichukue ya mwenzangu aliyenitangulia nibadili jina la wilaya. Aliyasema hayo bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Kuna na yule wa steshenari aliyeniuzia hojaji iliyokwisha kuchapwa na kuniahidi majedwali ndani ya siku mbili. Huyo wa steshenari namsamehe, maana biashara yake ni karatasi. Msimamizi alilipwa ili ajue, na mimi nilimwamini kama mtu anavyomwamini daktari. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja aliuliza swali moja tu: "Umeona vipindi vingapi?" Nilikuwa nimeona kimoja, tena kwa sababu ya mhuri. Nilirudishwa kukusanya data upya.

Ni mwaka ule wa kurudia ulionifundisha kusoma tafiti za wenzetu kwa kuangalia walipima nini hasa. Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani, aligawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne tangu 1959: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, wanafanya nini kazini, na matokeo yake ni yapi. Hojaji ya siku ya kufunga inapima ngazi ya kwanza, wakati kichwa cha utafiti wako kinadai ya tatu. Kule Peru, utafiti wa kompyuta za watoto vijijini uliotolewa 2012 ulionyesha kwamba kompyuta kwa kila mwanafunzi ziliongezeka kutoka 0.12 hadi 1.18, na bado alama za hisabati na lugha hazikuonyesha mabadiliko. Afrika Kusini walilinganisha walimu waliopewa mafunzo ukumbini na wengine waliotembelewa na mkufunzi darasani mwao, mtaala wa mafunzo ukiwa uleule, na wanafunzi wa hao waliotembelewa walisonga mbele karibu maradufu ya wanafunzi wa wale wa ukumbini. Baadaye wakajaribu mkufunzi wa mbali anayewasiliana na walimu kupitia kishikwambi. Baada ya mwaka wa kwanza alikaribiana na yule wa ana kwa ana, lakini baada ya miaka mitatu yule anayefika shuleni alikuwa amemwacha. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kuonekana katika majibu ya walimu siku wanapofunga semina.

Kanuni yangu basi ni hii, na ndiyo sababu ya kuandika yote haya: usimpe mwalimu hojaji yoyote kabla hujakaa nyuma ya darasa lake vipindi vitatu. Nasema vitatu kwa sababu cha kwanza ni cha mgeni. Katika shule moja mwalimu alinipokea na suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, akainua kishikwambi juu ya kichwa mbele ya watoto zaidi ya 80, na kuanzia dawati la tatu kwenda nyuma walichokiona ni mng'ao wa kioo tu. Ziara ya pili alikitumia dakika chache. Ya tatu hakukileta kabisa, hakugeuka hata kunitazama, akafundisha kama anavyofundisha siku zote, na hapo ndipo data yangu ilipoanza. Chukua daftari la kawaida na kila baada ya dakika tano uandike nani anazungumza, kifaa kiko mkononi mwa nani, na watoto wanafanya nini. Mkitoka, kaeni kivulini mzungumze, umwache yeye aeleze kwanza.

Ukishafanya hivyo, hojaji utaiandika kwa maneno yao. Mimi kile kipengele cha "ninatumia TEHAMA mara kwa mara" nilikifuta, nikauliza kishikwambi kililala wapi jana usiku na mara ya mwisho kilichajiwa na nani. Kwa maswali hayo mawili nilipata mengi kuliko kurasa zangu nne za kwanza.

Mchangiaji mmoja hapo juu amekushauri uchukue kumbukumbu za mfumo wa mtandaoni ambao walimu hujifunzia, uone nani amemaliza moduli ngapi. Zichukue, lakini usizitegemee peke yake. Katika shule moja niliyoitembelea, moduli za walimu wote zilimalizwa na kijana mmoja wa TEHAMA, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na bando, na wenzake walimpa nywila zao kwa nia njema kabisa. Kwenye mfumo shule ile iling'ara.

Kuhusu sampuli, walimu 12 katika shule nne wanatosha, maana hivyo ni vipindi 36 na hutaweza zaidi ya hapo ukiwa peke yako. Wiki ijayo hudhuria hiyo semina, hojaji ziache chumbani, na urudi na ratiba za vipindi za shule hizo nne pamoja na namba za simu za walimu wa taaluma. Anza kabla shule hazijaingia kwenye mitihani ya muhula, kwa kuwa wakati wa mitihani hakuna anayefundisha. Na siku ya kwanza ukifika darasani usiwe na kishikwambi chako mkononi, maana mwalimu akikiona atakwenda kutoa cha kwake kabatini.