Gari langu linaongea Kijapani

SWALI

Shikamoo Fundi. Nimenunua gari dogo lililotumika Japani, nimelipokea bandarini Dar es Salaam mwezi uliopita. Nikiwasha tu, mwanamke anaongea maneno nisiyoyaelewa. Nikitoka Lindi mjini kwenda Mtama ninakofundisha, linalia "ting, ting" mpaka kichwa kinauma, siku nyingine kimya kabisa. Halafu wiki hii nikikanyaga breki nasikia mlio mwembamba, mkali, upande wa mbele. Kijana wa gereji anataka kukata waya wa king'ora ili yaishe. Mama mkwe anasema likasomewe dua. Nimsikilize nani?

Mwalimu, Lindi

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Dua haina ubaya, ila huyo mwanamke sisi tunamfahamu. Kule Japani barabara za kulipia wanazilipia kwa mfumo uitwao ETC, ulioanza kutumika 2001. Kadi inachomekwa kwenye kiboksi ndani ya gari, geti linaisoma, gari linapita bila kusimama. Ukiwasha, kiboksi kinakukumbusha kwamba kadi haimo. Kitafute chini ya dashibodi usawa wa goti lako, kwenye droo ya abiria, au nyuma ya kizuia jua: kina tundu jembamba la kadi. Chomoa plagi yake, yameisha. Fyuzi iache, maana mara nyingi inalisha na redio, utakosa taarifa ya habari.

Kuhusu ting-ting, hujasema kiti cha kushoto unaweka nini. Mimi naotea madaftari. Ndani ya kile kiti kuna kihisi cha uzito. Kikikandamizwa, gari linadhani kuna abiria hajafunga mkanda. Katika magari mengi kelele zinaanza mwendo ukipita kama kilomita 20 kwa saa, ndiyo maana ukitoka nyumbani polepole husikii kitu. Msimu wa korosho hapa Mikindani naletewa magari "mabovu" ya namna hiyo. Nafungua mlango, nakuta kiroba kimekaa kama bwana harusi. Nakihamishia nyuma, na hela sichukui. Madaftari yaweke chini au kiti cha nyuma.

Yakiwa nyuma na bado linalia, tazama taa nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara. Huenda handibreki haijashuka yote. Ishushe mpaka mwisho. Taa ikibaki inawaka, weka gari pembeni, usiendelee na safari: taa hiyo hiyo ndiyo inayoonya kwamba mafuta ya breki yamepungua.

Huyo kijana wa kukata waya mkatalie, tena kwa ukali wa darasani. King'ora hicho ndicho kinachokwambia mlango umebaki wazi au taa umeziacha zinawaka. Na asipeleke mkono chini ya viti kuchomoachomoa. Plagi za njano utakazoziona huko ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka kwenye ajali, hazichezewi.

Sasa breki. Mwalimu, barua yako ilipaswa kuanza na hili! Mlio huo king'ora hakihusiki nao. Pedi nyingi za breki zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi. Pedi ikilika ikabaki milimita mbili tatu, kibati kinagusa diski, ile sahani ya chuma ambayo pedi huibana, na kupiga kelele, ili ushtuke kabla chuma hakijasaga chuma. Ni kweli sisi wa pwani, gari likilala karibu na bahari, diski zinashika kutu kidogo na asubuhi zinakwaruza, lakini hiyo huisha ukifunga breki mara chache. Ukifika Mnazi Mmoja, kwenye njia yako ya kwenda Mtama, na bado inalia, si kutu hiyo.

Na pedi zikilika, mafuta ya breki nayo hushuka kwenye kikopo chake. Mtu akiyaona yako chini anakimbilia kuongeza, kumbe pedi ndizo zimekwisha.

Kwa hiyo anza na breki, wiki hii hii. Fundi afungue magurudumu yote mawili ya mbele, maana pedi hubadilishwa pande zote kwa pamoja, na aangalie diski kama zina mikwaruzo mirefu. Simama hapo hapo akuoneshe pedi za zamani. Akikwambia ameshazitupa, muulize amezitupa wapi, mkaziokote.