Presha, kahawa na kete

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka barazani.

Kijana wa afya hutujia kijiweni na mashine ya presha. Kwake nasoma 160, kituoni nasoma 134. Nani mwongo? (Mzee wa Ng'ambo, Unguja)

Shikamoo mzee wangu. Hakuna mwongo. Ila kama amekufunga ule mkanda mkononi umeshamaliza vikombe viwili vya kahawa chungu, na mwenzako ndiyo kwanza amekula kete za nyumba yako kwenye bao, presha itaachaje kupanda? Pima kabla ya kahawa, au subiri nusu saa baada yake. Nenda haja ndogo kwanza. Kisha kaa kimya dakika tano; najua, barazani hiyo ni kazi. Mgongo uegemee ukuta, nyayo zikanyage chini, mkono uwekwe juu ya kitu, usawa wa moyo. Na kijana asikuulize habari za Simba na Yanga huku mashine inavuma. Namba ziandikwe daftarini. Ya juu ikifika 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, kwa siku mbili tofauti, nenda na daftari lako kituoni.

Kwa hiyo kahawa tuiache? (Tanga)

Hapana. Mimi naiogopa zaidi kashata, hasa kwa mwenye kisukari, na ile chumvi ya kwenye mihogo ya kukaanga. Chumvi ya siku nzima, pamoja na ya kwenye mchuzi, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Wanaume wana baraza lao. Sisi bibi zao je? (Pangani)

Shikamoo bibi. Mnakutana kwenye hitima, upatu na arusi, tena kuliko wao! Kabla hela za upatu hazijahesabiwa, kila mmoja aketi kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, ainuke na kuketi mara kumi, bila kujisukuma kwa mikono akiweza. Mara tatu kwa wiki miguu hupata nguvu, na kuanguka hupungua. Kanga zisiburure.

Babu ameacha kwenda barazani. Anasema siku hizi watu wananong'ona. (Mjukuu, Mombasa)

Mpeleke akaangaliwe masikio. Huenda ni nta tu, na nta hutolewa kituoni, si kwa njiti ya kiberiti. Akirudi barazani, akae pembeni, ukuta nyuma yake, ili awaone wote midomo. Anayetaka kumwambia neno amtazame usoni, asipige kelele.