Kabla hujatangaza shoo, jua mlangoni anakaa nani

Jumatatu asubuhi, sauti yangu ikiwa bado inakwaruza kutokana na shoo ya Jumamosi, nilikuta ujumbe wa kijana mmoja wa Morogoro. "Shikamoo dada. Bendi yetu imepata ukumbi Dar, unaingiza watu kama mia. Ni Ijumaa, bado wiki tatu. Tunapiga na bendi nyingine mbili. Tufanyeje watu waje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana umenigusa panapouma.

Miaka sita iliyopita bendi yetu ilikuwa changa. Tulikuwa sita, tunafanya mazoezi kwenye stoo ya baba yake mpiga kinanda, katikati ya magunia ya mchele. Tukapata Jumamosi moja kwenye ukumbi mdogo, jina lake naliacha. Mwenye ukumbi alisema kwa mdomo tu: "Hela ya mlangoni ni nusu kwa nusu." Hatukuandika popote. Kwa furaha tuliyokuwa nayo, nani angeuliza maswali? Nikatengeneza bango, nikalisambaza kwenye magrupu yote, watu wakajaza "tupo pamoja", "usikose kiti changu". Nikaanza kuhesabu hela kwa maneno yale.

Siku ile Simba na Yanga walikuwa wanacheza. Mimi, mzaliwa wa Temeke, sikuangalia ratiba ya ligi. Tulifika na vyombo mchana, tukakuta skrini kubwa imesimamishwa pale pale jukwaani. Tukaambiwa tusubiri mpaka filimbi ya mwisho. Drams zilikaa nje, kwenye bajaji, dereva analalamika. Saundi cheki tuliifanya watu wanakula nyama choma, na gitaa la solo halikusikika kabisa upande wa kushoto.

Tulipiga. Tulipiga vizuri, hilo nalisema bila aibu. Nikiwa jukwaani nilihesabu watu zaidi ya arobaini. Lakini waliokuja kutazama mpira waliingia bure, na kijana wa mlangoni alikuwa wa mwenye ukumbi. Mwisho wa usiku nilipewa kikaratasi ambacho ninacho mpaka leo: kimechanwa kwenye daftari, vijiti vya kalamu nyekundu vimefungwa vitano vitano, mafungu matatu na viwili pembeni. 17. Kati yao mama yangu na dada zangu wawili.

Kiingilio kilikuwa Sh 10,000, kwa hiyo 170,000. Akatoa umeme 40,000, fundi mitambo 70,000, ulinzi 35,000. Ikabaki 25,000, naye akasema nusu ni nusu. Akanihesabia 12,500. Bajaji peke yake ilikuwa 15,000.

Mpiga besi wetu hakusema neno. Alikunja waya wake polepole, akautia begani, akatoka. Hakurudi mazoezini. Tukikutana Kariakoo tunasalimiana, basi. Nimewahi kumwomba radhi kwa simu, akasema yameisha. Najua hayajaisha.

Nimefikiri sana kuhusu wazee wetu. Wewe unatoka mji wa bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba, huna haja ya kuelezwa. Bendi ya NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964, nyuma yake kulikuwa na umoja wa wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya umoja na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Jina likabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo tunaiita Msondo Ngoma. Bendi ya Mlimani Park nao wakawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Utaratibu ule ulikuwa na machungu yake, kwa sababu ukiondoka unaviacha vyombo nyuma. Hata Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa, alipotoka Morogoro Jazz mwaka 1973 ilibidi aanze upya na bendi ya Super Volcano. Lakini kazi ya mwanamuziki ilikuwa kupiga. Sisi wa leo hatuna mwajiri. Mshahara wetu uko mlangoni, na bado tunamwachia mtu mwingine aukalie.

Miaka miwili iliyofuata shoo ile ya watu 17 siisimulii. Tulipiga kwenye harusi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye ukumbi wa viti 90, bendi tatu zisizo na meneja wala mdhamini. Kabla jua halijazama watu 61 walikuwa wameshalipa kwa simu, na mpaka saa mbili usiku viti vilikuwa vimebaki sita. Binamu yangu ndiye aliyekaa mlangoni, na pembeni yake alikaa mtu wa ukumbi, kila mmoja na daftari lake. Drams zilikuwa seti moja kwa bendi zote. Bendi ya pili ilipanda dakika nane baada ya ya kwanza kushuka, sikuamini macho yangu. Nilipoimba wimbo wa mwisho watu wakaupokea kiitikio, nikanyamaza nikawaachia. Mama alikuwa mstari wa mbele. Safari hii na yeye alilipa, alikataa kata kata kuingia bure.

Hao 61 hawakuletwa na bango. Nina daftari la kila mtu aliyewahi kuja kutusikiliza: jina, namba, mtaa anaokaa. Wiki mbili kabla ya shoo nampigia mmoja mmoja. Mtu akiitwa kwa jina lake anakuja, na akija anakuja na mwenzake. Kwa hiyo mdogo wangu, piga simu. Bango weka, lakini piga simu. Makubaliano yaandikwe, hata kwa mkono: nani analipa fundi mitambo, na nusu inahesabiwa kabla ya gharama au baada. Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, muulize mwenye ukumbi leo, usingoje wiki ya shoo. Ratiba ya ligi iangalie. Halafu piga simu tena.

Najua mnachokiota, kwa sababu na mimi nakiota: jukwaa la Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, pale Ngome Kongwe. Tamasha lile lipo tangu 2004 na vijana wengi wanaliota usiku na mchana huku hawajui majina ya watu ishirini waliowasikiliza mwezi uliopita. Acheni. Mheshimuni mtu aliyepanda daladala mbili kuja kuwasikia. Muulizeni jina. Msiposhika mlango wenu wenyewe mtapiga miaka kumi na mtakuwa mnachangishana nauli, nami nimewaona wenye vipaji kuliko mimi wakiuza magitaa kwa namna hiyo.

Nimemjibu kijana wa Morogoro kwamba Ijumaa hiyo nitakuja, na Sh 10,000 yangu naituma leo. Nimemwomba anitajie kwanza jina la atakayekaa mlangoni. Amesema atauliza.