Kuvundika na kuvunda

SWALI

Shikamoo Mzee. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Edmonton mwaka wa sita sasa. Huku Kanada bangi ni halali, na mwaka huu nilipanda miche miwili chini ya taa, kwenye besimenti. Nilivuna wiki ya kwanza ya Oktoba. Matawi ya mche wa kwanza niliyatundika kwenye kamba karibu na tanuru la kupashia nyumba joto. Siku ya nne yakawa yanasagika mkononi kama ugoro, yananuka nyasi kavu, na moshi wake unakwaruza koo. Ya mche wa pili nikayahofia, nikayatoa siku ya tatu na kuyafungia kwenye chupa za kioo. Wiki moja baadaye nimefungua, harufu ikanipiga puani kama mkojo wa paka. Nimekosea wapi, na kuna la kuokoa? Halafu dada yangu anauliza kama naweza kumtumia mama kidogo, magoti yanamsumbua.

Mvunaji, Edmonton

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mche mmoja umeukimbiza, wa pili umeufungia na maji yake.

Nimekulia Urambo, mkoani Tabora, kwa mkulima wa tumbaku ya mvuke. Nilipofika miaka kumi na miwili nikapewa zamu ya usiku ya kuchochea moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia majani ya tumbaku. Usiku mmoja nikapitiwa na usingizi. Kushtuka, moto umefifia. Nikashindilia magogo ili baba asijue. Alijua. Asubuhi majani yalikuwa makavu kweli, ila yamekauka na ukijani wake. Hakunichapa. Aliniwekea jani moja kiganjani akasema, "Hili umeliua kabla halijamaliza kazi." Siku za mwanzo za bani joto hushikiliwa kwenye nyuzi 35 hadi 38 hivi, na unyevu mwingi, ili jani lililochumwa liendelee kuwa hai kidogo: wanga ugeuke sukari, ukijani uvunjike, jani liwe manjano. Baada ya hapo ndipo joto linapandishwa hatua kwa hatua, mpaka nyuzi 70 za kumalizia kikonyo. Ukiruka hatua ya kwanza, hakuna moto utakaoirudisha.

Ua la bangi halitaki joto la bani hata chembe, lakini hilo la kufa polepole ni lilelile. Hewa ya ndani ya nyumba za huko kwako Alberta, tanuru likishawashwa, ni kavu mno. Wewe ukaenda kutundika palepale linapopumulia. Ukijani ukafungiwa ndani, na mafuta ya harufu, ambayo ni mepesi sana, yakaruka. Harufu ya nyasi imetoka huko. Tia maua hayo kwenye chupa pamoja na vile vipakiti vya kudhibiti unyevu vya asilimia 62, vinauzwa kwenye maduka ya bangi. Yatalainika, koo litapumua. Harufu iliyokwenda imekwenda. Na atakayekushauri utie ganda la chungwa au jani la saladi umshukuru tu, usifanye. Ndivyo ukungu unavyokaribishwa.

Mche wa pili ndio unaonitia wasiwasi. Harufu ile ni amonia, kazi ya bakteria wanaostawi penye maji pasipo hewa. Ingekuwa siku moja au mbili, ningekwambia uyaanike upya. Kwa wiki nzima, mimi ningetupa. Pasua ua moja nene utazame katikati: ukiona utando wa kijivu au mweupe, au moyo wa kahawia unaomeguka, chupa yote iende. Usikwangue. Kuna kuvu aitwaye Aspergillus, akiingia mapafuni mwa mtu mwenye kinga dhaifu ni ugonjwa mkubwa. Mimi mwenyewe msimu wangu wa kwanza huku Kanada nilitupa chupa tatu, na nikanuna siku mbili.

Wewe ni mtu wa Pwani, hufundishwi kuvundika ndizi. Unafunika, lakini unafunua kutazama. Usipofunua, zinavunda.

Mwakani tafuta chumba chenye giza, mbali na tanuru, nyuzi 15 hadi 20, unyevu asilimia 55 hadi 60. Nunua kipima unyevu, ni bei ya chakula cha mchana. Tundika tawi zima bila kupunguza majani. Yanajikunja juu ya maua na kuchelewesha ukavu. Hewa ikiwa kavu, weka taulo mbichi chumbani, isiguse matawi. Feni izunguke, ielekee ukutani. Subiri siku 10 hadi 14, mpaka kijiti chembamba kivunjike kwa mlio badala ya kupinda. Hapo sasa chupa, robo tatu tu, na kipima unyevu kidogo ndani. Kesho yake kikisoma zaidi ya 65, yatoe yapumue saa kadhaa. Kikisoma kati ya 58 na 62, fungua kila siku robo saa kwa wiki mbili, kisha mara moja moja. Mwezi mmoja ni mzuri. Chupa zikae gizani, zenye tarehe, na kabati liwe na kufuli kama kuna watoto.

Miche yako miwili haina neno: tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya Kanada inaruhusu minne kwa kaya, si kwa kila mtu, ingawa Quebec wamekataza kabisa. Kama umepanga, soma mkataba wa nyumba.

Kuhusu mama, hapana. Kuvusha bangi mpaka wa Kanada ni kosa, hata gramu moja, hata kwa dawa, na Kenya nako ni jela. Mzigo ukikamatwa, atakayeitwa kuhojiwa ni dada yako aliyeandikwa kuupokea. Tuma pesa za daktari wa mifupa, na umpigie dada leo, kabla hajamwahidi mama.