Jibu: Mtama au mahindi kwa mbegu za uyoga wa mamama?

Ndugu, umeuliza kwa nini chupa zako za mahindi ya kutengenezea mbegu za uyoga (nafaka iliyoenewa na utando, yaani nyuzi nyeupe za uyoga) zinachacha, na kama uhamie mtama. Hamia. Punje za mtama ni ndogo, hivyo kilo moja ina punje nyingi zaidi za kusambaza utando kwenye mabua ya kuoteshea uyoga. Mahindi huiva nje, kiini kikabaki kikavu. Ukizidisha moto yanapasuka, wanga unatoka na bakteria wanashangilia.

Nunua mtama wa chakula, si mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya ukungu, maana dawa hiyo itaua na uyoga wako. Loweka kwa muda wa saa 12, chemsha dakika 15 hivi: punje ibonyee bila kupasuka. Chuja, tandaza mpaka ganda likauke kabisa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Bana punje kwenye karatasi. Ikiacha maji, subiri.

Changanya jasi (gypsum, unga mweupe wa madini) gramu 20 kwa kila kilo ya mtama mkavu, jaza chupa theluthi mbili, ziba kwa pamba, kisha sufuria ya presha, nyuzi joto 121 za Selsiasi, dakika 90. Kuchemsha kwa sufuria ya kawaida hakuui vijidudu sugu. Harufu ya uchachu ni maji kuzidi. Ukungu wa kijani mara nyingi ni uchafu wakati wa kupandikiza, yaani kuingiza utando kwenye chupa.